Siku Niliyompa Upadri Mfugaji wa Nguruwe

Wanangu mnaoingia kwenye kazi ya televisheni, nawasikia mkisema sisi wa zamani tulikuwa makini. Nani kawadanganya? Mimi Leokadia, niliyefanya kazi katika kituo kimoja kidogo hapa Morogoro mpaka nikastaafu, niliwahi kumpa mtu upadri siku ya Jumanne na kumvua siku ya Jumatano, na mtu mwenyewe alikuwa mfugaji wa nguruwe anayetafuta mke. Nusura nimkoseshe mke. Nusura na mimi nikose kazi. Kaeni niwaeleze, maana humo yamo mambo ambayo chuoni hamtayakuta.

Kazi yangu ilikuwa majina. Mtu anapoongea kwenye taarifa ya habari, chini ya kidevu chake hutokea maandishi: huyu ni fulani, mwenyekiti wa kitu fulani. Nyie siku hizi mnaandika kwenye kompyuta, mnabofya, imekwisha. Wakati wangu tulikuwa na mashine moja nzito kama jiwe la kusagia, yenye vitufe vya namba. Jina la kwanza unaliweka kwenye namba moja, la pili namba mbili. Msemaji akitokea, unabonyeza namba yake. Ukikosea, ndiyo basi. Jina limeshaingia sebuleni kwa watu, huwezi kulifuata na kulitoa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibwana, fundi mkuu wa mitambo, mtu wa pwani, Mwislamu wa sala tano, mpole mno. Hakuwahi kumfokea mtu. Ukikosea, anavua miwani, anaifuta polepole, anaivaa tena, halafu anakutazama. Afadhali angefoka. Alinifundisha kwamba ukienda kupiga picha Uluguru ubebe mfuko wa plastiki wa kufunika kamera hata kama jua linapasua mawe, kwa sababu mvua ya huko haibishi hodi. Alinifundisha kukunja waya mkunjo mmoja huku, mmoja kule, ili siku ya pili usiukute umejisokota kama nywele za mtoto. Alinifundisha kumwomba mtu ataje jina lake mbele ya kamera kabla hujamuuliza chochote. Na aliniambia, "Mwanangu, usile ukiwa kwenye mashine."

Yote niliyashika isipokuwa hilo la kula.

Jumanne hiyo tulipanda mlimani, kwenye misheni moja upande wa Mgeta. Wakulima wa kabichi na karoti walikuwa wameanzisha kikundi cha kufuga nguruwe ili wapate mbolea. Paroko wao, Padri Gaspar, ambaye alikuwa hajamaliza hata miezi miwili tangu ahamie, aliwapa eneo la kujenga mabanda. Habari yenyewe ilikuwa fupi: picha za nguruwe, maneno ya padri, maneno ya mfugaji mmoja, turudi mjini.

Padri Gaspar tulimkuta ndani ya banda. Alikuwa na umri wa kama miaka sitini, upara unang'aa, amevaa mabuti ya mpira na fulana iliyotoboka begani, matope mpaka kwenye viwiko. Mfugaji, kijana aitwaye Kosmas, alikuwa amesimama nje ya banda, mbali na matope, kavaa suti nyeusi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu.

"Mbona umependeza hivyo?" nikamuuliza. "Una harusi?"

"Bado, dada. Ila kuna watu mjini, Mwembesongo, wataniangalia leo. Barua ya posa imeshafika kwao, sura yangu hawajaiona."

Mchumba wake aliitwa Feliciana, muuza mboga sokoni mjini. Walijuana kwa kuuziana karoti. Feliciana alilelewa na mjomba wake, Mjomba Alois, katekista, mwalimu wa dini kanisani kwa miaka mingi. Na kwetu sisi Waluguru, kwa asiyejua, baba anaweza kusema anachotaka, lakini mjomba akikohoa, kikao kimefungwa. Kosmas alikuwa akimngoja huyo mjomba akohoe vizuri.

Tukarudi mjini na kaseti yetu. Mimi nikaandika majina kwa mpangilio tuliorekodi: namba moja Padri Gaspar, namba mbili Kosmas. Mzee Kibwana akakaa kuunganisha picha. Sasa, kwenye maneno ya mwanzo ya padri kulikuwa na nguruwe mmoja anayelia kama anadhulumiwa shamba. Mzee Kibwana akaona afadhali amtangulize Kosmas ili watazamaji wasishtuke. Akanigeukia. "Leokadia, nimeanza na kijana."

Mimi mdomoni nina kipande cha muhogo wa moto. "Mmh," nikasema.

Wanangu, "mmh" si jibu. Kwenye chumba cha mitambo, mtu akikuambia jambo, lirudie kwa mdomo wako mwenyewe: "Umeanza na kijana." Akikusikia unalirudia, ndipo ujue mmeelewana. Na kama mdomo umejaa muhogo, tema.

Taarifa ya jioni ikaanza. Akatokea Kosmas, suti nyeusi, shati jeupe la kubana shingo, anaongea kwa adabu. Nikabonyeza moja. PADRI GASPAR, PAROKO. Akafuata padri, mabuti, fulana, matope. Nikabonyeza mbili. KOSMAS, MFUGAJI WA NGURUWE. Na ubaya wa kosa lile ni kwamba lilipendeza! Kila mtu alifanana na jina lake. Mwenzangu wa zamu, ambaye hakwenda mlimani, akasema, "Siku hizi mapadri watanashati kweli." Mimi nikatikisa kichwa kumkubalia, huku natafuna.

Kisha nikasikia kimya nyuma yangu. Nikageuka. Mzee Kibwana anafuta miwani.

Yaliyotokea Mwembesongo alinisimulia Feliciana mwenyewe. Aliwakusanya wote mbele ya televisheni, mjomba kwenye kiti chake, shangazi, majirani wawili, na watoto chini. Kosmas alipotokea, Feliciana akaruka. "Huyo! Mjomba, huyo ndiye Kosmas wangu!"

Ndipo maandishi yakaja. Mjomba Alois akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma somo kanisani. "Padri... Gaspar... Paroko."

"Feliciana, umeposwa na padri?"

"Hapana, mjomba! Wamekosea!"

Hajamaliza, akatokea yule wa mabuti. Mjomba akasoma tena. "Kosmas. Mfugaji wa nguruwe." Akamtazama yule mzee mwenye upara aliyerowa matope, kisha akamtazama mpwa wake. "Kumbe Kosmas ni huyu? Anakaribia umri wangu! Sasa chagua mwenyewe. Ama umeniletea padri, ama umeniletea kizee. Wote wawili siwataki."

Asubuhi yake Kosmas alikuwa mlangoni kwetu kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Macho mekundu, suti ileile.

"Dada, umenifanya nini? Mama mmoja pale stendi kanipigia magoti, anataka nimbarikie rozari. Nikamwambia mama, mimi si padri. Akasema unyenyekevu huo ndio upadri wenyewe!"

Padri Gaspar naye, tuliambiwa, watu walikuwa wanamsimamisha njiani kumuuliza bei ya vitoto vya nguruwe. Yeye alikuwa anawatajia.

Nikamwahidi Kosmas kwamba jioni ile tutasahihisha. Nikaandika masahihisho mwenyewe, kwa mkono, machozi yananidondokea kwenye karatasi. Nilitaka kumtetea kijana wa watu kwa nguvu, asionekane mtu wa ovyo. Nikaandika: "Bwana Kosmas si padri, tena ni mfugaji hodari wa nguruwe." Karatasi ikamfikia msomaji wetu dakika ya mwisho. Msomaji yule alikuwa na sauti nzito, nzuri, akisoma hata bei ya nyanya unaona ni jambo la taifa. Mkato wangu hakuuona. Akatazama kamera, akasoma:

"Bwana Kosmas si padri tena." Akapumua. "Ni mfugaji hodari wa nguruwe."

Nilikaa chini sakafuni. Sikumbuki kukaa, nakumbuka tu kwamba nilikuwa sakafuni.

Maana sasa mji mzima ulijua kwamba alikuwa padri jana, na leo ameacha. Na Mwembesongo walijua ameacha kwa ajili ya nani. Jirani mmoja alikwenda kumpa pole Mjomba Alois kabla hata taarifa haijaisha. Mjomba, katekista miaka yote ile, mpwa wake amemtoa padri altareni! Akajifungia chumbani, chakula hataki.

Alhamisi bosi wetu akaniita. Alikuwa mama mmoja mfupi, asiyependa maneno mengi. Nikaanza kujieleza, nguruwe alilia, muhogo ulikuwa wa moto, mkato haukuonekana. Akainua mkono.

"Nenda kwa huyo mjomba. Ukirudi na ndoa, una kazi. Ukirudi bila ndoa, usirudi."

Mzee Kibwana akasema atanisindikiza. Tukapanda gari la kituo, tukamchukua Kosmas, ambaye safari hii tulimwambia avae nguo za kazi, na Padri Gaspar, ambaye tulimwomba avae kanzu na kola yake yote. Mzee Kibwana akabeba kaseti ya picha ambazo hazikukatwa, ambamo kila mmoja anataja jina lake. Huo ndio ulikuwa ushahidi wetu. Tulienda tukijiamini.

Mjomba Alois alikuwa mwembamba, mrefu, na nyusi nene. Alitupokea uani.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye televisheni?"

"Ndiyo mimi."

"Nilidhani ni kubwa zaidi."

Nikamweleza habari ya kaseti. Hata hakuitazama. "Kaseti ni ndugu yake televisheni. Ndugu hatoi ushahidi kwenye kesi ya ndugu yake." Akawatazama wanaume wawili, mmoja kanzu, mwingine ovaroli. "Na nguo mmebadilishana. Mnafikiri mimi mtoto?"

Hakujua hata kiti kizuri ampe nani. Alikipeleka kwa mzee, akakirudisha kwa kijana, mwisho akakikalia mwenyewe.

"Mtihani nitautunga mimi," akasema. "Anayejiita padri nitamuuliza nguruwe. Akijua, ndiye mfugaji. Anayejiita mfugaji atasali Baba Yetu. Akiijua mpaka mwisho, ndiye padri." Akamwelekea Padri Gaspar. "Nguruwe hubeba mimba muda gani?"

Nilimkonyeza padri mpaka jicho likauma. Sema hujui, baba! Lakini Padri Gaspar alizaliwa kwenye nyumba ya wafugaji, na zaidi ya hapo alikuwa mtu mkweli.

"Miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu," akajibu. "Ila yule madoadoa wetu naona atachelewa kidogo."

"Ahaa!" Mjomba akapiga goti lake. "Sasa wewe kijana. Sali."

Kosmas akasimama, akafunga macho. Akaanza vizuri tu. Akateremka mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku, hapo akakwama. Akarudi mwanzo akachukua kasi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akafika kwenye mkate, akakwama palepale. Mara ya tatu akapita kwenye mkate akaangukia katika sala ya kabla ya chakula. Jasho likamtiririka. Majirani walishaanza kujaa ukutani.

Mjomba Alois akatazama huku, akatazama kule. Mtihani wake ulikuwa umemshinda mwenyewe.

"Mmoja anajua nguruwe," akasema taratibu. "Mwingine hajui sala. Basi wote wawili ni wafugaji! Padri yuko wapi?"

Mzee Kibwana, ambaye tangu tufike alikuwa ametulia kwenye kigoda chake, akainama akaziba uso kwa kofia. Mabega yanamtikisika. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akicheka, na kumbe akianza, hana breki.

Ndipo Padri Gaspar akafanya jambo bila kuambiwa na mtu. Akamshika Kosmas bega, akaichukua sala pale pale ilipokwama, kwenye mkate, akaendelea nayo kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu aliyeisema alfajiri zote za maisha yake. Majirani wakavua kofia. Mjomba Alois akajikuta amesimama, mkono wake wenyewe unafanya ishara ya msalaba.

Walipoitikia amina, akasema polepole, "Hiyo ni sauti ya altare." Akamsogezea padri kiti. "Karibu, baba. Nisamehe."

Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikaanza hata kufikiria chakula cha mchana. Lakini mjomba alikuwa hajakaa.

"Na huyu sasa," akamnyooshea Kosmas kidole, "ndiye mnayeniletea awe mkwe wangu? Nyumba ya katekista? Mtu anayekwama kwenye mkate?"

Wanangu, sikuwa na kaseti ya kujibu hilo. Kosmas aliinamisha kichwa. Tukasikia kishindo cha sufuria jikoni, na Feliciana akatoka, mwiko mkononi. Akapiga magoti mbele ya mjomba wake kama adabu inavyotaka, ila sauti haikupiga magoti.

"Mjomba, Jumanne ulimkataa kwa sababu ni padri. Leo unamkataa kwa sababu upadri haujamtosha. Niambie tu unautaka kiasi gani, nikampimie."

Nyusi za mjomba zikapanda, zikashuka. Halafu kikamtoka kicheko kimoja kama chafya, kikafuatwa na kingine, na Mzee Kibwana, aliyekuwa ndiyo kwanza anafuta machozi, akaanza upya. Nilijua tumepona.

Masharti yakatolewa palepale. Kosmas aisome sala hiyo mpaka aiongoze yeye siku ya harusi, mbele ya ukoo mzima. Akikwama, aanze kuposa upya.

Bosi nilimpelekea habari kwamba ndoa ipo njiani. Akasema, "Basi na wewe uko njiani," akaniondoa kwenye mashine ya majina, akanipeleka stoo kuhesabu nyaya mpaka harusi.

Kwa hiyo Jumamosi sita nilipanda mlimani kumfundisha Kosmas sala. Kosmas hakuwa mjinga. Shida yake ilikuwa woga, akimwona mjomba kichwani mwake, maneno yanakimbia. Nikafanya kile nilichotakiwa kumfanyia msomaji wetu tangu mwanzo. Nikaandika sala nzima kwa herufi kubwa kwenye makaratasi magumu, mstari mmoja, pumzi moja. Palipotaka pumzi ndogo nikaweka kijistari kimoja, palipotaka kubwa viwili. Hakuna neno lililolala mguu mmoja mstari huu na mguu mwingine mstari ule. Nikasimama nje ya banda nimeinua makaratasi juu, Kosmas akilisha huku anasali. Mzee Kibwana, aliyekuwa akinipeleka, hakushuka garini. "Mimi na wale wanyama," alisema, "tumekubaliana kila mtu abaki kwake." Lakini alifungua kioo, na Kosmas akikwama alimsaidia neno. Kwa kusikia tu alishaijua yote kabla ya mwenye harusi.

Pale nje ya banda, miguu ndani ya matope, ndipo nilipojifunza kuandika habari. Msomaji anasoma kwa pumzi, macho yanafuata tu. Mkato ni mali ya karatasi. Pumzi ndiyo inayomfikia mtu nyumbani. Tangu siku hiyo sikuandika sentensi nisiyoisoma kwanza kwa sauti, na neno "tena" nikilitaka kulitumia, nazunguka nyumba mara moja nikifikiri.

Harusi ikafika. Ndoa ilifungwa na Padri Gaspar kulekule misheni, viatu safi, hakuna aliyemuuliza bei ya kitu. Baada ya hapo watu wakakusanyika uwanjani kwa chakula. Kituo kilituma kamera, na bosi akaniambia niishike mimi, sijui kwa huruma au kwa adhabu. Sufuria za pilau zikafunuliwa, harufu ikatapakaa mpaka kwenye migomba, watoto wamekwisha kupanga foleni. Mjomba Alois akasimama, akatangaza kwamba bwana harusi ataongoza sala.

Kosmas akasimama. Feliciana akamshika ncha ya koti. Mimi nyuma ya kamera nilikuwa sipumui.

Akaanza. Akateremka. Akafika kwenye mkate, akanyamaza, na nikaona ukoo mzima unainama mbele kidogo, kama watu wanaosukuma gari. Akavuta pumzi, kubwa, ile ya vijistari viwili. Akapita! Akaenda mpaka mwisho, neno kwa neno, bila kuyumba, na kwa jinsi alivyofurahi kuona amefika, akaianza tena. Watu wakatazamana, wakamfuata. Akamaliza ya pili akiwa na sauti kubwa zaidi ya ya kwanza. Pilau inatoa mvuke wa mwisho mwisho. Akafungua mdomo kuanza ya tatu.

"AMINA!" akapiga kelele Mjomba Alois, akamkumbatia kifuani ili asiendelee.

Picha hizo hazikurushwa. Mzee Kibwana alizitazama akasema hazifai, zinatikisika zote kuanzia sala ya pili, kama vile mpiga picha alikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nacheka, nalia, na kamera ile ilikuwa nzito jamani.